Oili ya Zamani ya Baba Mkwe

Hamtaamini hii. Kama simu yangu isingerekodi hata mie ningejiona muongo.

Juzi Jumamosi asubuhi, uani kwetu Tabata, braza wangu Godlisten alikuwa anabadilisha oili ya giaboksi. Gari ni ya manyuo, ya gia za mkono, kauziwa na Mzee Gervas, baba yake Sesilia, mchumba wa braza. Mzee ni mchonga vinyago, ana karakana yake kule Wazo. Aliiuza bei ya mtoto wa nyumbani, akasema gia zake laini kama siagi. Na kweli ilikuwa kimya. Ndoa mwezi ujao, na braza kaapa kumbeba bibi harusi kwa gari hiyohiyo, heshima kwa mzee.

Mie narekodi, si mnanijua. Braza kaingia uvunguni, kaanza na nati ya juu, ile ya kujazia oili. Nikamuuliza kwa nini asimwage kwanza tumalize. Akasema ukishamwaga halafu nati ya kujazia ikagoma, gari haiendi popote.

Akafungua ya chini. Yaani oili ilitoka kama uji wa ulezi uliopoa, inadondoka mabonge mabonge kwenye beseni. Braza akachota kidogo, akasuuza kwa petroli, akamwaga kwenye kitambaa cheupe. Zikabaki chembechembe.

"Vumbi la mbao," akasema.

Wahuni wa kuuza magari ndo zao hizo. Giaboksi ikianza kulia, wanatia vumbi la mbao kwenye oili, kelele zinakufa, mnunuzi anaingia mkenge. Sasa hili vumbi, petroli yote ile, lilikuwa bado jeusi tii. Mpingo. Braza akakaa juu ya tofali akakitazama kile kitambaa weee. Mwisho akasema labda mzee naye aliuziwa hivyohivyo. Nani mwingine ana vumbi la mpingo?

Mara Sesilia huyo getini, kabeba hotpoti la chapati. Braza akafunika beseni na gunia haraka, akafunga nati ya chini, akajaza oili mpya mpaka ikachuruzika tundu la juu. Gari ikashushwa kwenye jeki, ikawashwa, ikazungushwa kidogo hapo uani. Gia ikalia kama mbwa kafungiwa nje.

Sesilia akacheka, akaitazama simu yangu inayorekodi. "Mafundi wa Tabata, mmeiua gari ya baba."

Kabla hatujajitetea keshampigia mzee, kaweka spika. Akamsalimia, akamwambia tumebadilisha oili na sasa gari inalia. Mzee hata hakuuliza inalia vipi. Akauliza, kwa sauti ya chini:

"Ile ya zamani mmeshaimwaga?"

Sesilia akamgeuzia braza simu. Huyu dada akimtaja baba yake hata macho yanacheka, na braza analijua hilo kuliko mtu yeyote. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo baba. Tumeimwaga. Hata hatukuiangalia."



"Marahaba mwanangu," mzee akasema. Halafu, polepole, "Asante." Akakata.

Sesilia akauliza baba anashukuru nini. Braza akasema chapati zinapoa.

Sesilia alipoondoka, braza akaniambia nifute video. Giaboksi atatafuta nyingine taratibu, mtu asijue. Nikamuuliza, na Sesilia je? Akasema baba wa mtu ni mmoja tu, akaenda kuoga.

Sasa jioni ileile meseji ikaingia. Sesilia: "Shem nitumie ile video ya asubuhi, nataka baba aone mkwe wake alivyo fundi."

Nimeiangalia tena na tena. Kitambaa kinaonekana, sauti ya braza inasikika kabisa. Nikifuta, shemeji anaingia kwenye ndoa ambayo mume na baba yake wana siri, yeye ndo hajui. Nikituma, namvunjia baba yake heshima, na braza sijui atanitazama vipi. Na hapa ninapoandika kaniuliza tena, shem vipi, bando limeisha?

Simu iko mkononi. Nyie mngefanyaje?