Kona ya kwa Nafuna

Mama Nzembi alianguka mtaroni Jumatatu, mchana kweupe, akielekea chooni, na aliyemwangusha ni binti yake mwenyewe. Si kwamba alimsukuma, la. Mwongeli hata hakuwepo nyumbani kwao, mtaani Gatwekera. Alikuwa Kawangware 56, kwenye shedi ya Wepukhulu, fundi wa kuchomelea vyuma, amekaa mbele ya kompyuta anachora geti la mtu. Lakini paipu ambayo mama yake alikuwa ameishika siku hiyo kwa mara ya kwanza, Mwongeli ndiye aliyeichora, na paipu hiyo ndiyo iliyomdanganya mama wa watu.

Tuelewane kwanza. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza Mama Nzembi polepole, mpaka hata mwanga wa mlangoni akawa hauoni. Chumba chao kiko mwanzo wa kichochoro, choo kiko mwisho, na katikati njia inakata kona kali kwenye nyumba ya jirani anayeitwa Nafuna. Upande mmoja ni kuta za watu, upande wa pili ni mtaro wazi, nao unafuata njia mpaka mwisho. Basi mwanamke mzima, aliyelea watoto wawili peke yake, akawa anashikwa mkono kupelekwa haja. Hilo lilimkera kuliko upofu wenyewe. "Macho nimekubali," alikuwa akisema. "Lakini kusindikizwa chooni, hiyo sikubali." Ndipo Mwongeli akapata wazo la kufunga paipu ya kushikia ukutani, kutoka mlangoni kwao hadi chooni.

Kuchora ndiyo kazi yake. Anachora kwenye kompyuta, anachapisha kwa ukubwa halisi, karatasi zinaunganishwa sakafuni kwa selotepu, kisha Wepukhulu analaza chuma juu ya mstari na kuufuata. Paipu ya mama aliichora juu juu, kati ya geti moja na jingine. Mstari mnyoofu mpaka kwa Nafuna, upinde kidogo, mstari mwingine mpaka chooni. Ule upinde aliupachika kwa kukadiria tu. Kwenye skrini ulikaa poa.

Ulikaa poa, ndiyo. Mkono wa mama ulipofika pale mstari unapokutana na upinde, ulikuta paipu imejikunja ghafla kama kiwiko, na juu yake uvimbe wa kuchomelea. Akadhani paipu imeisha, kwa hiyo amefika. Akaiachilia, akapiga hatua mbele kutafuta mlango wa choo, na mbele yake hapakuwa na kitu ila mtaro.

Goti lilivimba. Kaka mkubwa, Kimanzi, akapiga simu kutoka Machakos, na wala hakufoka. Afadhali angefoka. "Jumamosi nakuja kumchukua Mwaitu," alisema, maana hivyo ndivyo wanavyomwita mama yao. "Huku choo kiko hapo tu, na mke wangu anashinda nyumbani. Wewe umejaribu, Mwongeli." Mama akaambiwa. Alipapasa ukutani mpaka akaipata sare yake ya kwaya, akaikunja, akaitia chini kabisa ya begi. Mwongeli akamtazama na moyo ukamwuma vibaya, kwa sababu alijua mama yake hataki kwenda, na alijua pia kwamba hataomba kubaki.

Siku iliyofuata aliufungua ule mchoro shedini. Akaukuza. Akaukuza tena. Pale alipokuwa akiona upinde mzuri, sasa akaona kona, wazi kabisa, mstari umeugonga upinde ubavuni na kusimama.

"Fundi, hebu njoo uone upuzi wangu."

Wepukhulu akaja huku amepandisha miwani yake ya kazi kwenye paji la uso. Akainamia skrini. "Na upuzi wangu pia," akasema. "Ule uvimbe niliuona. Nikasema ni sawa tu, si ataishika na kupita? Mimi na wewe tumezoea mageti. Geti watu wanaliangalia. Hakuna mtu hulipapasa."

Neno hilo lilimchoma Mwongeli, lakini lilikuwa la kweli. Alikuwa amemchorea mama yake kitu cha kuangaliwa.

Akafuta kila kitu. Safari hii alianza na mistari miwili minyoofu, kisha akaiamuru programu imtafutie duara la kuigusa yote miwili, kila mmoja mahali pamoja tu, bila kuukata. Mguso wa namna hiyo ndio wanaouita tanjenti. Alipousogeza mshale karibu na mstari, ikatokea ile alama ndogo ya duara lenye kistari kichwani, alama ambayo mara ya kwanza hakuwa hata na habari nayo. Duara la kwanza lilikuwa kubwa mno, likaingia mpaka ndani ya nyumba ya Nafuna. La pili likawa dogo, na Wepukhulu akakataa, akasema paipu itabonyea. La tatu likakubali. Akakata vipande visivyohitajika, akabaki na njia moja inayokwenda, inageuka na kuendelea. Akakuza mpaka skrini ikajaa ule mguso peke yake, akatafuta kiwiko. Hakukiona.

Wepukhulu naye hakuleta mchezo. Aliijaza paipu mchanga mkavu ili isibonyee, akaziba ncha kwa vigingi vya mbao, akaipasha moto na kuipinda taratibu akifuata karatasi. Viungo akavihamishia kwenye sehemu zilizonyooka, mbali na kona, akavisaga. Mwongeli alifumba macho na kupitisha kiganja juu yake. "Hapa bado," akasema. Fundi akasaga tena. "Na hapa." Wepukhulu akamwambia kwamba mama yake mwenyewe hajawahi kumsumbua hivyo, lakini akasaga.

Ijumaa wakaing'oa ile ya kwanza, wakaifunga hii. Jumamosi Kimanzi akafika na viatu vyake vya safari, akaisifu paipu kwa heshima, kisha akalibeba begi. Alikuwa ameamua.

"Ngoja kwanza niende choo," mama akasema. "Msinishike."

Akaweka mkono juu ya paipu akaanza. Mwongeli akafuata nyuma, na Kimanzi na begi lake. Katikati ya ukuta wa kwanza mkono wa mama ukagota kwenye kitu kilicholoa. Nafuna. Nani mwingine? Tangu lini paipu ikafungwa Gatwekera isianikwe nguo? Mama akaishika ile nguo, akaikung'uta, akaiangusha chini.

"Nafuna, sketi yako utaifua tena," akasema, na kuendelea.

Kona ikakaribia. Kimanzi akalitua begi, akanyoosha mkono tayari kudaka. Mwongeli akamshika shati asiende. Mkono wa mama ulifika pale mstari unapoligusa duara, na haukusita. Ukateleza tu. Bega likafuata mkono, miguu ikafuata bega, na mama akageuka na njia kama mtu anayeiona. Kisha akawa upande wa pili, anaendelea, watoto wake nyuma yake, kisha kiganja chake kikagusa ubao wa mlango wa choo.

Akasimama pale, uso umejaa mashaka.

"Mwongeli."

"Naam, Mwaitu."

"Ile kona iko wapi? Nimeingoja njia nzima."

 Machozi yalimtoka Mwongeli, na kicheko kikaja juu yake.

"Umeshaipita, Mwaitu," Kimanzi akamjibu. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Akarudi kwenye kona akaliokota begi, akalitazama kidogo, akaja kumkabidhi dada yake. "Rudisha ndani," akasema.

Mama aliingia chooni, akapapasa komeo, akalifunga kutoka ndani. Wao wawili wakabaki pale nje wameduwaa, hawajui waende au wakae.

"Mko hapo bado?" sauti ikauliza kutoka ndani. "Ondokeni. Mtu atajisaidia vipi na nyinyi mmesimama mlangoni?"

Wakaondoka.