Nilimkata Alama kwa Kuuliza

Kazi yangu ilikuwa kukaa siku nzima na sauti za wanaume waliowapiga wake zao, na kutowasikiliza. Niliyemsikiliza ni mshauri tu. Mahakama iliwaleta wanaume hao kituoni, mshauri akazungumza na kila mmoja saa nzima, kinasa sauti kikiwa mezani, kisha mimi katika chumba cha juu nikazipima sentensi za mshauri moja baada ya nyingine. Karatasi yangu ya kupimia ilikuwa na visanduku: swali wazi, swali funge, kurudisha hisia za mteja, kusifu, kutoa ushauri bila kuombwa. Swali wazi lilipandisha alama. Swali funge, lile la kujibiwa ndiyo au hapana, lilizishusha. Maneno ya mteja hayakuwa na kisanduku.

Nilikuwa nimefundisha hesabu miaka kumi na miwili, na kwenye kusahihisha sikuwa na mchezo. Wenzangu waliniita Kalamu Nyekundu wakidhani wananikera, kumbe wananivimbisha kichwa. Tena nilikuwa mwepesi kuliko wote, maana nilikuwa na ujanja wangu: niliongeza mwendo wa kinasa mpaka sauti zote zikawa nyembamba, na mwanamume anayeeleza jinsi alivyomkaba mkewe hadi macho yakamtoka akasikika kama katuni. Nilimaliza kanda sita kwa siku na nikalala usingizi mzuri.

Alhamisi ile, saa nne asubuhi, msimamizi alinirudishia kanda niliyoipima Jumanne. Kila kanda ya tano hupimwa na watu wawili, na safari hii mimi na mwenzangu tulipishana. Mimi nilimpa mshauri nne na nusu juu ya tano, mwenzangu akampa tatu. Msimamizi alitaka niisikilize upya kwa mwendo wa kawaida, kisha nizitetee alama zangu. Nilinuna kama mtoto aliyenyimwa sukari, nikavaa visikilizio.

Mteja Namba Thelathini na Moja alizungumza polepole, kwa sauti ya chini. Alisema Jumapili alimburuta mkewe kwa nywele kutoka kwenye cherehani hadi jikoni. Akamgonga kichwa kwenye ukingo wa sinki mara tatu, na alihesabu. Jino lilipotoka aliliokota, akaliweka mezani, akamwamuru alitazame mpaka atakapojifunza kujibu vizuri. Alipofika hapo alicheka kidogo, kicheko cha puani.

Kicheko kile nilikijua. Mume wa mdogo wangu ni fundi wa majokofu, na kwetu tunamwita Mpole kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Kwamba alikuwa na kesi mahakamani hatukujua. Mke na mume walituficha wote wawili. Na Jumatatu mdogo wangu alinipigia simu akaniambia amevunjika jino kwa mfupa wa nyama. Nilimcheka. Nilimwambia uroho wake utakuja kumuua.

Kanda iliendelea. Mpole alisema ameliona begi la nguo chini ya kitanda. Anajua mkewe anangoja Alhamisi, siku ambayo yeye hushinda kazini upande wa pili wa mji, apate kuondoka.

"Alhamisi sitaenda kazini," alisema. "Nitamngojea ndani. Na safari hii situmii mkono."

Mshauri akajibu kwa utulivu, "Umechoka kudharauliwa ndani ya nyumba yako."

Kwenye karatasi ya Jumanne, pembeni ya sentensi hiyo, nilikuwa nimeweka vema mbili na kuandika: Safi sana, amegusa hisia ya ndani kabisa.

Niliziruka ngazi mbili mbili huku nikimpigia mdogo wangu simu. Iliita mpaka ikakatika. Niliingia kwa mshauri bila kubisha hodi, nikamkunja shati shingoni mpaka kifungo kikaruka. Nilimtaka aniambie kwa nini hakumuuliza yule mtu atatumia nini, kwa nini hakumuuliza kama mkewe ana pa kukimbilia. Ni mwanamume mwembamba, mabega yameshuka, na hakujaribu kujinasua.

"Mwezi uliopita nilimuuliza," alisema. "Nilimuuliza kama ana silaha. Nilimuuliza kama mkewe yuko salama. Ukanikata alama."

Alinyoosha mkono akafungua droo, akanipa karatasi. Wino ulikuwa mwekundu na mwandiko ulikuwa wangu: Maswali funge mawili mfululizo. Usimhoji mteja kama polisi. Chini yake msimamizi alikuwa amempa onyo la kwanza.

Nilimzaba kofi. Nilistahili mimi, lakini shavu lililokuwa karibu lilikuwa lake. Nikamwambia awapigie polisi, nikampa mtaa na namba ya nyumba, halafu mguu niponye.

Ni mitaa minne kutoka kituoni hadi kwa mdogo wangu. Nilikimbia na viatu mkononi, nikimgonga kila aliyekuwa mbele yangu, na simu sikioni inaita tu. Mlangoni nikaisikia ikiita kwa ndani.

Mlango ulikuwa umerudishwa bila kufungwa. Begi lilikuwa limechanika katikati ya sebule, nguo zimetapakaa, na juu ya nguo palikuwa na damu. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu chini ya meza ya cherehani. Mpole alikuwa amepiga magoti juu yake na spana kubwa ya mabomba mkononi. Hakuwa na haraka. Alinyanyua, akashusha, akangoja, akanyanyua tena. Taya la mdogo wangu lilikuwa limehamia upande, na vidole alivyokuwa amejikingia uso vilikuwa vimepinda kinyume. Hakulia. Alitoa mkoromo tu kila spana iliposhuka.

Mpole aligeuka akaniona. "Karibu, shemeji," alisema kwa sauti ileile ya chini. "Haya ni ya mume na mke, yanakwisha sasa hivi."

Pasi ilikuwa kwenye meza ya kunyooshea, na taa yake ndogo ilikuwa inawaka. Niliinyakua nikambamiza nayo usoni, kisha nikaikandamiza. Ngozi ilichachatika na harufu ikajaa chumbani. Hapo ndipo nilipomsikia Mpole akipaza sauti kwa mara ya kwanza, na nilifurahi. Spana ikanipata mkono wa kulia chini ya kiwiko. Mfupa niliusikia ukivunjika kabla sijayasikia maumivu. Nikahamishia pasi mkono wa kushoto. Nilimpiga kichwani, nikampiga mdomoni, nikampiga mpaka waya ukachomoka ukutani, na alipoanguka nilimkalia kifuani nikaendelea. Alikuwa ameacha kusogea. Nilijua ameacha, nikaendelea, wala sioni haya kulisema hilo. Majirani wanne ndio walioninasua, polisi wakafika nyuma yao.

Hakufa. Yuko mahabusu, na shavuni ana alama ya pasi ambayo atakuwa nayo mpaka siku yake ya mwisho.

Mdogo wangu pia hakufa. Madaktari wamemfunga taya kwa nyaya, jicho moja wamelifunika, na vidole vya mkono wa kulia vimewekwa vyuma. Hawezi kusema, hawezi kuandika. Muuguzi ndiye aliyetufundisha namna ya kuzungumza: anaubana mkono wangu mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Kwa hiyo ninashinda kando ya kitanda, mkono wangu mmoja kwenye plasta, nikiuliza maswali ambayo niliwakatia watu alama kwa miaka mitatu. Unaumwa? Unasikia baridi? Nikugeuzie mto? Umeota ndoto mbaya tena? Karibu kila mara anabana mara moja.

Kituo wameniandikia barua wakitaka kujua nitarudi lini. Sijaijibu.

Siku ya nne nilimweleza yote. Nilimwambia kuhusu ule mwendo wa kinasa, na kwamba tangu Jumanne sauti ya mumewe ilikuwa masikioni mwangu ikitaja siku, nami nikaweka vema mbili. Nilimwambia nilichomwandikia mshauri mwezi uliopita kwa wino mwekundu. Alinitazama kwa jicho lake moja mpaka nikamaliza, na machozi yalikuwa yananitoka mimi tu.

"Una hasira na mimi, mdogo wangu?" niliuliza.

Alibana mara moja, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Nilingoja kuona kama atabana mara ya pili. Hakubana, wala hakuuachia mkono wangu.