Kichujio cha Kumi na Nne

Amonia tena. Mama Kibano alisogeza kiti, akaitazama milima midogo ambayo mashine ilikuwa ikiichora kwenye karatasi, akauona mlima wa amonia umesimama palepale usipotakiwa. Kichujio cha hewa cha kumi kilikuwa nao. Cha kumi na moja kilikuwa nao, mrefu zaidi. Sasa hiki cha kumi na mbili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijisemea, akavua glavu na kuzitupa. Huenda uchafu ulikuwa wake mwenyewe. Alinawa hadi viwikoni, akavaa glavu mpya, akakiosha mara tatu kile kibano kilichompa jina. Miaka kumi na tisa alikuwa akikata vichujio bila kuvigusa kwa kidole. Kisha akatoa kichujio kitupu. Kila sanduku la vichujio lililokwenda kule kwenye kituo cha barafu lilibeba kimoja cha namna hiyo, kikaenda na kurudi bila kufunguliwa hewani, ili siku ya mashaka kitoe ushahidi. Alikikata, akakiloweka, akayapitisha maji yake kwenye mashine. Mstari ukatoka tambarare. Maabara ilikuwa safi. Uchafu ulitoka kule.

Na kule ndiko alikofia mdogo wake.

Alimwita Kitinda, kwa sababu mama yao hakuzaa tena baada yake, wala hakuishi kumwona akitambaa. Dada mtu alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Akambeba mgongoni, akamlea mpaka akaota ndevu. Kazi ya kituo cha barafu ni yeye aliyemtafutia. Haikuwa kazi ngumu: kila wiki apande kwenye mlingoti wa kunasia hewa, atoe kichujio cha zamani, aweke kipya. Ugumu ulikuwa mmoja. Hewa ya kule ni safi mno, na pumzi ya binadamu ina amonia yake, kwa hiyo anayebadilisha kichujio hapumui.

"Shika pumzi, hesabu hadi thelathini," alimfundisha kwenye meza hii hii. "Toa, weka, funga, ndipo upumue. Ukikipumulia, tutakuwa tunakupima wewe, si anga."

Kitinda alivimbisha mashavu mpaka macho yakamtoka pima, na wote wawili wakacheka hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Akiwa kule, Kitinda alipiga simu kila Jumapili. Ni yeye aliyemweleza dada yake, ambaye alikuwa amekata vichujio miaka yote hiyo bila kuuliza, kwamba wingu halitokei hivi hivi. Mvuke unahitaji pa kukaa. Mimea midogo ya baharini hutoa hewa yake, hewa hiyo hugeuka chembe zisizoonekana, na amonia ya vinyesi vya ndege huzishikanisha zikakua, hadi mvuke ukapata kiti.

"Kwa hiyo Dada, ukiona wingu zuri huku, ujue limeanzia chooni kwa ndege!"

Ndipo ikaja baridi kali, ndege wakahama, na sauti yake ikaanza kukatikakatika.

"Ni mafua tu, Dada."

"Mbona unashika pumzi hata kwenye simu? Hapa hakuna kichujio, bwana!"

Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akasema mtandao ni mbaya, akakata. Mwezi mmoja baadaye mapafu yalikuwa yamejaa, na katika giza lile la miezi hakuna ndege ya kumchukua mgonjwa ambayo ingetua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema waombolezaji. Mama Kibano aliwachukia kwa neno hilo, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

"Hizi habari ni za kweli?" Mkuu wa maabara aliingia na karatasi za asubuhi mkononi, miwani imepanda kwenye paji la uso. "Ndege si huhama wakati wa baridi?"

"Huhama, Mkuu."

"Basi hii amonia inatoka wapi? Mama Kibano, unaelewa maana yake? Kuna chanzo tusichokijua! Na aliyeinasa ni mdogo wako. Jina lake litatangulia kwenye ripoti. Lake, si langu."

Hakusema kwa hila. Kwenye mazishi alilia kama ndugu. Na Kitinda hakuacha mke wala mtoto. Jina lake lilikuwa limebaki kwenye jiwe moja tu. Ili liandikwe pengine, Mama Kibano alitakiwa kunyamaza tu juu ya shaka iliyomjia.

"Nipe mpaka mchana, Mkuu."

Alipima cha kumi na tatu, kisha cha kumi na nne. Milima ilipanda kama ngazi. Akafungua daftari la kituo. Mbele ya kila kichujio Kitinda alikuwa ameandika maneno yaleyale: Nimeshika pumzi. Sawa. Kuanzia cha kumi, herufi zililala upande. Alitafuta tarehe ya cha kumi. Ilikuwa ile Jumapili ya mafua.

Aliona yote. Wiki ile labda Kitinda alifika ishirini. Iliyofuata kumi na tano. Mwishoni alikuwa juu ya mlingoti anatweta, hawezi hata kufika tano, na bado akashuka kuandika Sawa ili dada asijue. Na dada alimtania. Mama Kibano alifunika uso kwa viganja vyenye glavu, akalia kwa sauti, mashine ikiendelea kunguruma.

Mchana alimpelekea Mkuu karatasi. Alikuwa ameandika mstari mmoja: Vichujio 10 hadi 14 vimechafuka. Pumzi ya mtu.

Mkuu alisoma mara mbili. "Lakini daftari linasema alishika."

"Alidanganya. Alinidanganya mimi."

"Ungeweza kunyamaza, Mama."

"Ningeweza. Halafu watu wangehangaika miaka kutafuta barafuni kitu ambacho ni kifua cha mdogo wangu."

Mkuu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Basi nusu zilizobaki zitupwe. Ndivyo utaratibu ulivyo. Pole sana."

Kila kichujio hukatwa vipande viwili, nusu ya kupima na nusu ya akiba. Mama Kibano alifungua friza, akazitoa zile tano, akatupa nne pipani moja baada ya nyingine. Ya kumi na nne aliinua kwa kibano, akaileta kwenye mwanga wa dirisha. Nusu duara nyeupe, haina hata doa. Kwa mazoea alikuwa ameshika pumzi, na kichwani hesabu ilikuwa inakwenda yenyewe. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Kifua kikaanza kumuwaka, lakini hakukisogeza kichujio mbali. Alikisogeza karibu, hadi kikakaribia midomo, akaacha kuhesabu.

Akapumua. Ukingo wa karatasi ukatikisika kidogo, ukatulia, naye akapumua tena.