Herufi za Kwanza za Bubu

Asubuhi ya sikukuu ya Vijayadashami, watoto wa mji mzima wa Irinjalakuda walipokuwa wakishikwa vidole na kuandikishwa herufi zao za kwanza kwenye mchele, mimi nilikuwa naibembeleza mashine nayo iandike zake.

"Ambili, mwanao bubu," Sunoj akaniambia, ndizi imemjaa mdomoni.

"Bubu wewe. Huyu ameanza vizuri, umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia akiaga."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kutolea risiti za sadaka kwenye hekalu la Devi, mungu wetu wa kike. Mtu anataja jina lake, nyota aliyozaliwa nayo na anachotaka kutoa, printa inatema karatasi, anakwenda zake kwa kuhani. Tuliijenga wawili, kwenye chumba cha juu cha nyumba ya shangazi yangu Devaki: Sunoj bodi na nyaya, mimi roho yake, yaani programu. Katibu wa hekalu, Mzee Raghavan Warrier, alitupa sharti moja: risiti ya kwanza itoke leo. Leo ndiyo siku ya kuanzia mambo. Ikipita, hekalu litaendelea kuandika kwa mkono, nasi tungoje Vijayadashami nyingine. Na Warrier alisema atapita kabla ya chakula cha mchana.

Sasa, mashine ikiamka huwa haijui kitu. Haijui ina kumbukumbu kiasi gani, haijui hata matundu yake ya kebo. Ndiyo maana hupewa msemaji wa muda. Huyu ni mjinga wa kazi moja: ameonyeshwa tundu moja kwa anwani yake kamili, basi anasukuma herufi humo moja moja, anangoja moja itoke ndipo ashike nyingine, na mashine nzima inamngoja yeye. Sisi tunamsoma kwenye kompyuta iliyoungwa na tundu hilo. Mambo yakishatengemaa anafika msemaji kamili, kiendeshi chenyewe, niliyemwandika kwa vidole vyangu hivi. Wa muda anasema, "Namwachia mwenye kazi," kisha hasemi tena. Ni kama mtoto kwenye mchele: unamshika kidole, unamwongoza, unamwachia.

Mimi nilimwachia. Kimya. Nikazima, nikawasha, nikamwachia tena. Kimya kikavu, na huko nje ngoma za chenda zinapigwa kama zinanicheka.

"Mzuie wa muda asiondoke," Sunoj akasema. "Si kuna neno la kuandika?"

"Lipo. Halafu waumini wapange foleni mpaka barabarani, yeye anasukuma herufi kama anasukuma tembo aliyesusa?"

"Kujaribu tu, dada. Kwani kunauma?"

Kuliniuma, lakini nikaandika neno hilo, nikawasha. Msemaji wa muda akaanza kujikokota, akafika pale anapoaga, hakuaga, akaendelea. Mistari ikashuka, ikashuka, mpaka mwisho kabisa! Nikaruka nikapiga kofi meza, vikombe vya chai vikaruka nami.

"Iko hai! Inaamka yote!"

"Basi mashine si bubu," Sunoj akasema taratibu, akiufurahia kila mpigo wa neno. "Bubu ni msemaji wako."

Nilitamani kumrushia kikombe. Maana katikati ya mistari ile palikuwa na mmoja ulionikodolea macho: *Msemaji kamili yuko kazini.* Kazini wapi, mlaaniwa wewe?

Hapo ndipo Mzee Warrier alipoingia, kikoi cheupe kimenyooka kama karatasi, paji la uso limepakwa rojo la mti wa sandali. Hakutuangalia. Alikwenda moja kwa moja pembeni kwenye madhabahu ndogo ya Shangazi, kumwamkia Devi kwanza.

Madhabahu ile ilikuwa na printa yetu. Kwa desturi, tangu juzi vifaa vyote vya kazi vilikuwa vimewekwa mbele ya Devi, havigusiki. Asubuhi hii Shangazi alituruhusu kuchukua bodi na kompyuta, ila printa aligoma. Alikuwa ameipaka sandali, akaivisha shada la maua, akaifunika hariri nyekundu, na taa iliyo kando yake ilikuwa bado inawaka. "Ikizimika yenyewe ndipo mtaigusa," alisema. Kebo ilikuwa ndefu, basi tukaiacha hukohuko, imeungwa vilevile.

Warrier akafumba macho, akakutanisha viganja. Hariri ikatutumka.

Akafumbua jicho moja. Hariri ikatutumka tena, ikanguruma kwa chini.

"Devaki!" akapiga ukelele. "Devaki wee! Devi anapumua!"

Shangazi akapanda ngazi mbio na upawa mkononi. Alipofika mlangoni, ulimi mweupe ulikuwa umechungulia chini ya hariri, ukateleza juu ya maua, ukashuka ukingoni mwa meza na kumlamba mzee miguu.

"Nyoka!" Sunoj yuko juu ya kiti.

"Shuka, mwanamume wewe!" Shangazi akamwambia, ingawa naye alikuwa ameukamata upawa kama rungu.

Mimi niliinama nikaushika ulimi ule. Karatasi. Imeandikwa. *Msemaji kamili yuko kazini,* na chini yake maneno yote niliyoyalilia asubuhi nzima, safi, yamepangika. Nikavuta, zikaja nyingine, mikunjo kwa mikunjo, kila jaribio letu lilikuwa limejilaza chini ya hariri; ngoma za nje zilitufichia mngurumo, na printa, nzito, ilikuwa ndiyo kwanza inamalizia la mwisho. Nikaanza kucheka mpaka nikakaa sakafuni.

"Ni yeye! Si bubu! Ameshinda akiongea na Devi!"

Nilikumbuka papo hapo. Siku nilipokuwa nayapa matundu nambari, Shangazi alisimama nyuma yangu na chai. "Tundu la risiti za Devi lisije likawa la pili," alinionya. Nikaona ni adabu, nikalipatia tundu la printa nambari ya kwanza, la kompyuta ya pili. Msemaji wa muda hajali nambari, anakwenda kwa anwani. Lakini msemaji kamili huitwa kwa nambari, na mimi nilikuwa nimemwambia, kasemee tundu la kwanza. Akatii.

"Inasema nini?" Warrier akauliza, bado mguu mmoja juu.

"Inajitambulisha, mzee. Inataja kumbukumbu yake, saa yake, matundu yake."

"Kwa Devi?"

"Kwa Devi."

Kicheko kikanikauka. Nikamtazama akiikunja karatasi polepole, akiifuta vumbi kwa ncha ya kikoi.

"Basi hizi ndizo herufi zake za kwanza," akasema. "Nazipeleka hekaluni. Nani kaifundisha adabu hii?"

"Mimi," Shangazi akajibu, kabla sijafungua mdomo.

"Na risiti?"

"Sasa hivi, mzee! Nabadilisha nambari..."

"Thubutu!" Upawa ukanielekea puani. "Devi anabaki wa kwanza."

"Anabaki, Shangazi, anabaki! Namwambia msemaji tu asemee la pili."

Nikabadilisha tarakimu moja. Nikalifuta lile neno la kumzuia wa muda. Nikawasha. Wa muda akajikokota, akajikokota, akasema, "Namwachia mwenye kazi." Sunoj akanishika bega. Ngoma zikanyamaza, au masikio yangu ndiyo yaliyoziba.

Kisha mistari ikamwagika kwenye kompyuta kama mchele uliopasuliwa gunia. Nilipiga yowe ambalo majirani wananidai maelezo yake mpaka leo.

"Haya, risiti," Warrier akasema. "Andika jina la mwanafunzi wa leo, mashine yenyewe. Nyota, Thiruvonam, maana imezaliwa leo. Sadaka, uji mtamu, payasam. Jina je?"

"Bubu," Sunoj akawahi.

Nikaandika, nikabonyeza. Taa ilikuwa bado inawaka, hakuna aliyethubutu kuigusa hariri. Ikatutumka yenyewe, ikanguruma, ikatoa kiulimi kifupi: *Bubu. Thiruvonam. Payasam.*

Shangazi akaisoma, akanigeukia. "Bubu gani huyu? Mdomo kauchukua kwa mamake."