Alama Nyekundu kwenye Transfoma

Kaka yangu Faraji hakunikataza kusoma. Alisema tu, "Redio iende na vitu vyake vyote, irudi na vitu vyake vyote. Kikipungua kimoja, masomo yamekwisha."

"Lakini kaka, si mbovu?"

"Mbovu, ndiyo. Ila ni yangu."

Tangu nifiwe na mume nilikuwa naishi kwake, Mtoni, kwa hiyo neno lake lilikuwa neno. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni, na kila baada ya swala nilimwomba Mungu aniongezee elimu ya mikono, niache kuuza vitumbua.

Mwaka huo, 1992, karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa shule ya jirani. Fundi mmoja aitwaye Lusungu, mtu wa Mbeya, mwajiriwa wa karakana ya Barabara ya Pugu, atafundisha redio na umeme kila Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri. Wanafunzi wa sekondari waje, walimu wa sayansi waje, na mtu mzima yeyote aje. Kila mmoja alete redio mbovu ya kwao. Ada hakuna.

"Bure?" Faraji alicheka. "Siku hizi hata maji tunanunua, halafu mtu atoke Mbeya huko aje akufundishe bure? Na redio mnampelekea wenyewe? Huyo anafungua duka la spea, nyie ndio mnaomletea mzigo."

Mtaani kwetu hakuna asiyejua mambo ya mafundi redio. Unapeleka redio yenye spika kubwa, inarudi na spika ndogo, na bado unasema asante. Ndiyo maana watu huweka alama. Faraji alifungua mfuniko wa nyuma, akachukua rangi ya kucha ya mkewe, akatia nukta nyekundu kwenye transfoma, nyingine kwenye fremu ya spika, na ya tatu kwenye kile kifaa cha kutafutia stesheni.

"Usimwambie mtu," alisema. "Kila wiki uzikague."

Darasani nilikaa na Mwalimu Avelina, anayefundisha sayansi darasa la sita. Siku tuliyounganisha betri, swichi na balbu, yake ikawaka, alipiga makofi kama mtoto.

"Dada Zuena, miaka kumi na moja nachora hii kitu ubaoni! Leo ndiyo nimeiona inawaka. Wale watoto wangu niliwafundisha nini mie?"

Nilicheka naye, lakini jicho langu lilikuwa kwenye mkoba wa Lusungu. Ulikuwa mkoba mzito wa ngozi, na hakuuacha hata alipotoka kwenda chooni. Redio zetu zilibaki katika kabati la shule, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwake. Siku nyingine niliona kama mkoba unatoka umetuna kuliko ulivyoingia. Nyumbani nilimwomba Mungu aniondolee dhana mbaya. Darasa lililofuata nikauangalia tena.

Jumanne ya wiki ya tano nilifungua redio ili nipime waya. Nikatazama transfoma. Hakuna alama. Spika, hakuna. Kifaa cha stesheni, hakuna. Lusungu alipita nyuma yangu, akauliza, "Shikamoo mama, tunaendeleaje?" Niliitikia marahaba bila kumtazama. Usiku ule nilimwambia Faraji.

Alhamisi alifika darasani kabla hatujakaa.

"Fundi, vitu vyangu viko wapi?"

"Vitu gani, mzee?"

"Usiniite mzee. Transfoma, spika na kile cha stesheni. Niliviwekea alama. Alama hazipo. Fungua huo mkoba."

Lusungu alifungua mkoba juu ya dawati, akatoa vitu kimoja baada ya kingine: mita ya kupimia, koleo tatu, bisibisi na pasi ya kulehemu.

"Ni vya karakana," alisema. "Naviazima jioni, asubuhi navirudisha. Kikipotea kimoja, nafukuzwa kazi. Ndiyo maana siviachi."

"Basi umeshauza."

Pembeni yangu Avelina alikuwa anasafisha redio yake kwa kitambaa chenye thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, kama tulivyofundishwa wiki iliyopita. Harufu ile iliponifika puani nikakumbuka kitambaa changu. Lusungu alisema tusafishe ile bodi ya nyaya peke yake. Mimi kwa kupenda usafi nilipangusa redio nzima, ndani kote, na kitambaa kikabaki na madoa mekundu. Nilidhani ni kutu.

Hakuna mwingine aliyejua. Nikinyamaza, Lusungu anaondoka na jina la wizi. Nikisema, Faraji atasema mharibifu ni mimi, na masomo yamekwisha. Ya Rabbi, nilisema moyoni, nipe ulimi.

"Kaka, alama nimezifuta mie. Nilizisafisha kwa thina, bila kujua."

Faraji alinigeukia taratibu. "Kakufundisha useme hivyo?"

Nilichukua rangi ya kucha kutoka kwa binti mmoja wa kidato cha pili, nikatia nukta kwenye kifuniko cha kopo, nikaipangusa kwa thina. Ikatoka mara moja.

"Hapo umeonyesha rangi inatoka," alisema. "Hujaonyesha kwamba kitu hakijatolewa."

Alisema kweli. Kisha nikageuza redio yake chini juu.

"Tazama hapa kaka. Kitu kikitolewa, lazima risasi ya kulehemu inayokishika iyeyushwe, na ikirudishwa inang'aa. Hizi za transfoma zimefifia, zina vumbi la miaka. Ni za kiwandani. Za kifaa cha stesheni vilevile. Hizi mbili zinazong'aa ni zangu, nimebadilisha waya uliokatika." Nikafika kwenye spika. Nikasita. Palikuwa na madonge mawili makubwa ya risasi, ya kijivu. "Hizi si zangu. Wala si za kiwandani."

Faraji alimtazama Lusungu. Lusungu aliinama, akatazama.

"Hazing'ai, kaka," niliendelea. "Ni za zamani, na zina vumbi. Kabla sijaja hapa, nani alifungua redio hii?"

Faraji aliinama, akazitazama mwenyewe. "Bakari," alisema mwishowe. "Bakari wa Tandika. Mwaka juzi. Alisema ni fyuzi tu."

"Na nukta ya spika uliiweka lini?"

"Juzijuzi tu, ulipoichukua kuja huku." Alishika kiuno. "Kumbe spika kaibadilisha yeye! Miaka sita nampelekea redio zangu! Namletea mpaka wateja!"

Avelina alishindwa kujizuia, akacheka, na darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilimwendea Lusungu, nikamwomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa nilimdhania vibaya mbele ya Mungu na nikamshtaki kwa watu.

"Yamekwisha, mama," alijibu, akirudisha koleo mkobani, akizihesabu.

Faraji hakuomba radhi. Alivuta benchi la wanafunzi, akakaa nyuma kabisa, mikono kifuani.

"Endeleeni," alisema. "Nami nitakuwa nakuja kila Jumanne na Alhamisi. Bado sijamwamini huyu. Lakini hiyo ya kutazama risasi, anionyeshe na mie."