Mashine ya Theluji ya Armel

Libérate alikuwa hajawahi kugusa theluji maishani mwake, ile ya kwenye friji haihesabiwi, lakini wiki hii hakuwa na mazungumzo mengine. Mdogo wake Armel, aliyehamia Kanada na mama yao, alikuwa anatafuta mashine ya kufunga kwenye trekta, ya kurusha theluji pembeni. Nyumba yao iko kijijini, na kutoka barabara kuu hadi mlangoni ni safari. Sasa kwa kuwa Libérate anauza spea za matrekta hapa Greyville, kusini mwa Afrika, na kwa kuwa ndiye aliyemlea, Armel hanunui hata ndoo kabla dada hajasema ndiyo. Haya, dada anasema ndiyo. Halafu mtoto mwenyewe anakataa!

"Hiyo hapana, dada," Armel alisema kwenye simu.

"Iko na nini tena?"

"Rangi yake."

"Rangi! Eish, Armel! Theluji itakimbia rangi?"

Dominiki, fundi Mtanzania wa karakana ya nyuma, alichungulia dukani. "Dada Libe, huyo mteja wako ni nani, pengwini?"

"Nyamaza wewe, kanywe chai yako."

Libérate asingejali kama si mama. Baridi iliyopita mama alibanwa na pumu, theluji imeziba njia, gari la wagonjwa likaishia huko barabarani. Armel akambeba mgongoni mpaka kwenye gari, theluji inamfika mapajani, anaanguka, anainuka. Mama alipona. Sasa baridi nyingine hiyo inakuja, na bwana mkubwa anachagua rangi. Libérate alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga ndio uliompandisha sauti.

Na wala si kwamba mashine hazipo. Trekta ya Armel ni ndogo na kuukuu, shafti ya kuzungushia mashine iko nyuma tu. Kwa hiyo mashine inafungwa nyuma, dereva anapiga rivasi huku ameangalia nyuma, theluji inaruka, basi. Armel anataka ya kufunga mbele. Mbele wapi? Trekta yenyewe haina pa kuifunga! Ukimwambia hivyo, anakuletea visingizio, mara kelele za mashine, mara jirani kasema hivi, mara rangi.

Mchana huo, wateja wa mashamba ya miwa walipopungua, akampigia kwa video. Kule ndiyo kwanza asubuhi. Armel alikuwa mezani, uji uko jikoni nyuma yake. Akageuza simu ili dada amsalimie mama, na mama alikuwa amekaa dirishani, mbele ya meza, amejifunika mablanketi mawili.

"Mbona mama yuko huko kwenye baridi?"

"Muulize mwenyewe. Kiti chake kilikuwa hapa nyuma yangu, karibu na jiko. Amekihamisha, na hasikii."

"Ukoo wa vichwa vigumu huu. Sasa sikiliza, narudia mara ya mwisho. Chukua ya nyuma. Unapanda, unaangalia nyuma, unarudi. Mbona hata mtoto anaweza!"

"Sitaki ya nyuma."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu."

"Sitaki tu si jibu! Mama akibanwa tena, utaiambia pumu sitaki tu?"

Nyuma ya Armel uji ulikuwa umeanza kupanda.

"Uji, Armel! Angalia nyuma, unamwagika!"

Hakuangalia. Alishika meza, akasimama, akazunguka mwili mzima polepole, shingo imekaza, kama mtu anayehamisha kabati. Alipofika, uji ulishaenea jikoni kote.

Armel aliporudi kukaa, Libérate akamwambia, "Geuza kichwa."

"Mais... lakini, dada..."

"Geuza nione."

Aligeuza kidogo tu, uso ukakunjamana kwa maumivu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipombeba." Alikuwa ananong'ona. "Usimwambie mama. Atasema ni yeye."

"Mjinga wewe! Mjinga kabisa! Muda wote huo, na unaniambia rangi!" Machozi yalikuwa yanamtoka pale pale kaunta, wala hakuyafuta.

Dominiki alikuja, safari hii bila utani. "Dada, zipo za kufungwa nyuma ambazo mdomo umeelekea mbele. Trekta inatangulia, mashine inavutwa. Anaenda mbele kama anaendesha gari. Theluji ikiwa nene sana tairi zitahangaika kidogo, lakini atapita."

"Umesikia, Armel? Chukua hiyo. Rangi yoyote! Na hospitali unaenda wiki hii hii."

"Sawa, dada." Sauti ya mama ikasikika ikiomba simu. Armel akampa, akaenda kufuta uji.

Paji la uso la mama likajaa kwenye kioo. "Umemaliza kumgombeza?"

"Hakuna kitu, mama. Tulikuwa tunaongea mashine tu."

"Mashine, eh." Mama alitazama jikoni, akashusha sauti. "Pumu inanibana kifua, mwanangu, hainibani macho. Nilipokuwa nakaa kule nyuma, kila nikimwita alikuwa anazunguka hivyo hivyo, mwili mzima. Ndiyo nikahamia hapa, anione bila kugeuka. Usimwambie kama najua."