Njia ya Kuikaribia Sifuri

Atupele amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani, saa saba mchana, mvua ya Mbeya inapiga bati, daftari limefunguka mapajani. Ni mtihani wa marudio, wa mwisho. Akianguka, chuo cha ualimu kinamwondoa, naye ana miaka thelathini na nne. Daftari ni la marehemu dada yake Subilaga, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Siku Subilaga anakata roho, Atupele alikuwa njiani, basi limeharibika, na tangu hapo kila swali la vikomo humshinda, maana linauliza habari za mahali usipofika. Anasoma mstari uleule, sini ya pembe gawanya kwa pembe, pembe ikikaribia sifuri, anausoma tena, herufi zinalegea, na benchi halipo tena chini yake.

Anatembea. Barabara ni nyeupe, inapinda polepole kama ukingo wa duara, na kila akimaliza nusu yake, nusu iliyobaki inakuwa barabara nzima. Kushoto kuna mji, kulia kuna mji uleule, nyumba kwa nyumba, kama kitu na taswira yake kiooni. Kando yake anatembea mtu asiye na uso. Atupele anamwamkia, shikamoo, naye anamuuliza, pale sifurini kuna nini? Atupele anajibu kama alivyojibu kwenye mtihani wa kwanza, sifuri juu, sifuri chini, kwa hiyo hakuna kitu. Hilo ni jibu la aliyefika, anasema mtu yule, mimi nimemuuliza anayekwenda. Wanapita mji mwingine unaotetemeka, milango inapanda na kushuka, kwa kasi zaidi kadiri wanavyousogelea, na Atupele anauliza huu unatulia wapi. Hautulii, anasema asiye na uso, hii ni sini ya moja gawanya kwa pembe, usiidai kikomo, hainacho. Kisha ukuta, moja toa kosini, gawanya kwa pembe, umeziba njia nzima. Atupele anausukuma kwa bega, haujongei, anausukuma tena, halafu anakumbuka mwandiko wa dada yake, mtafutie mwenzake. Anaita moja jumlisha kosini, anazidisha juu na chini, na ukuta unageuka kuwa sini mbili zilizozidishana, zinaachana taratibu, anapita katikati. Akigeuka, yule asiye na uso hayupo.

Barabara sasa ni nyembamba. Upande wa nje kuna ukuta wa tanjenti, upande wa ndani kuna kijia kilichonyooka, na juu ya kijia hicho anatembea Subilaga, na kanga yake ya kazini ya kufutia chaki. Pembe inazidi kubana, ukuta unasogea, kijia kinasogea. Dada, anasema Atupele, sikufika. Najua, anasema Subilaga. Basi lilizimika Uyole, anasema Atupele. Ulikuwa unakuja? anauliza Subilaga. Nilikuwa nakuja, dada, nilishuka nikatembea. Subilaga anaelekeza kidole kwenye miguu yao. Basi hesabu hapo, mdogo wangu, gawanya hatua zangu kwa zako. Atupele anasikiliza. Mwanzoni njia yake iliyopinda ilikuwa ndefu kuliko ya dada yake, sasa tofauti haisikiki, ndala zinagonga chini pamoja, na hakuna kati yao aliyefika sifuri.

Mama, zimebaki dakika kumi, anasema msimamizi, mwanamke wa makamo, amemwinamia. Atupele yumo chumbani, mbele ya dawati, karatasi imejaa mwandiko wake, wino bado mbichi. Anauliza kwa sauti ya chini, niliingia saa ngapi? Uliingia wa kwanza, anasema msimamizi, wala hujainua kichwa. Atupele hakumbuki mlango. Anautazama mkono wake, hajui ni wa upande upi, wa barabarani kule au wa hapa chumbani, na hataki kuuliza zaidi, asije akaamshwa. Swali la mwisho, lile la sini ya pembe gawanya kwa pembe, lina nafasi tupu. Anaandika moja, anaitazama, na machozi yanamtoka bila sauti, huku wenzake wakiendelea kuandika.